Kitenzi Katika Karakana: Kubadilisha Pedi za Breki za Nyuma na Kiswahili cha Ufundi Katika Miji ya Mlima Kenya

Utangulizi

Mji wa Nyeri uko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, ilhali Sagana iko karibu mita 1,200. Kati ya miji hii miwili kuna Karatina, pamoja na mfululizo wa mabonde yanayopitiwa na mito inayotoka mlimani. Dereva anayeteremka barabara hiyo hukanyaga breki mara nyingi kuliko mwenzake wa nchi tambarare, na pedi zake huisha mapema. Upande wa mashariki wa mlima miteremko ni mikali zaidi. Kwenye daraja la Nithi, katika barabara ya Embu hadi Meru, basi la abiria lilitumbukia bondeni tarehe 24 Julai 2022 na watu zaidi ya 30 wakafariki. Maafisa wa serikali waliitaja hitilafu ya breki miongoni mwa mambo waliyoyashuku.

Makala haya yanashughulikia jambo dogo zaidi, yaani kazi ya mwenye gari la kawaida anayebadilisha mwenyewe, nyumbani kwake, pedi za breki za magurudumu ya nyuma. Kazi hii imeteuliwa kwa sababu ni ya kila siku katika eneo hili, na kwa sababu ni mojawapo ya kazi ambazo neno moja lisilo sahihi laweza kuharibu kifaa au kuhatarisha maisha. Inadaiwa hapa kwamba neno hilo, aghalabu, ni kitenzi. Orodha za istilahi, kuanzia vijitabu vya Tafsiri Sanifu vya BAKITA vya miaka ya 1970, zimejaa nomino: hiki kiitwe hivi, na kile kiitwe vile. Hata hivyo, mtu asiyejua jina la kalipa anaweza kuionyesha kwa kidole. Asiyejua kama pistoni yake inafaa kusukumwa au kuzungushwa hana cha kuonyesha.

Lugha ya gereji

Gereji za jua kali za Nyeri, Karatina, Nanyuki na Embu ni mahali pa lugha nyingi. Fundi huzungumza na mteja wa nyumbani kwa Kikuyu, Kiembu au Kimeru, na mteja mgeni kwa Kiswahili, huku majina ya vipuri yakitoka katika Kiingereza. Sentensi ya kawaida ya mahali hapo ni kama hii: "Pedi zimeisha, tutoe kalipa, turudishe pistoni." Nomino zote tatu ni za kukopa. Vitenzi vyote vitatu ni vya Kiswahili, na vimenyambuliwa na kuambishwa kwa kanuni zake: -isha katika hali timilifu, -toa na -rudisha katika dhamira tegemezi. Mzungumzaji anayelaumiwa kwa kuchanganya lugha huwa ameiacha sarufi ya Kiswahili bila jeraha lolote. Hata anapokopa kitenzi, akasema "kublidi breki" kwa maana ya kuondoa hewa katika mabomba, hukipachika ku- na kukiingiza katika utaratibu wa lugha.

Kuhusu nomino hizo za kukopa, makala haya yanazikubali zilivyo. Pedi, diski na pistoni zimeingia katika ngeli ya I-ZI bila shida. Kalipa nayo inakubalika, ingawa mteja anayeambiwa "nenda, kalipa hiyo uilete" anaweza kusikia kwamba anatumwa kulipa! Kuiita diski "sahani" kwa ajili ya kukwepa ukopaji si faida, kwa kuwa sahani tayari ina kazi yake mezani. Kwa upande mwingine, neno pedali limeachwa hapa kwa makusudi, kwa sababu linakaribiana mno na pedi. Kikanyagio linatosha, na linaeleweka na kila anayejua kukanyaga.

Nomino moja tu inastahili lawama, nayo ni mafuta. Kwa kawaida husemwa "mafuta ya breki", lakini neno hilo hilo hutumiwa kwa petroli, kwa oili ya injini na kwa mafuta ya kupikia. Kinachojaza mabomba ya breki katika magari mengi si mafuta kabisa, bali ni kiowevu kinachotokana na glaikoli. Mtu akitia oili ya injini kwenye chupa yake, mipira ya ndani ya mfumo huvimba na kuharibika, na breki hupotea. Kwa hiyo katika makala haya kitaitwa kiowevu cha breki, hata kama fundi wa Karatina ataendelea kukiita mafuta.

Kulifahamu gari kabla ya kuligusa

Si kila gari lina pedi nyuma. Toyota Probox, ambayo imepata umaarufu wake Meru kwa kubeba miraa, ina diski mbele na drumu nyuma. Ndani ya drumu hamna pedi bali viatu vya breki, na somo hili halihusiki nayo. Magari yenye diski nyuma hugawanyika tena kulingana na mahali breki ya mkono ilipo, na mgawanyiko huu ndio kiini cha kazi yote.

Katika aina ya kwanza, breki ya mkono ni mfumo wake wenyewe. Subaru Forester za miaka ya 2000 zenye diski nyuma ni mfano. Katikati ya diski kuna drumu ndogo iliyofichwa, nayo ina viatu vyake vinavyovutwa na waya wa breki ya mkono. Kalipa haijui lolote kuhusu breki hiyo, na pistoni yake huingia na kutoka kwa njia iliyonyooka. Katika aina ya pili, waya wa breki ya mkono hufika kwenye kalipa yenyewe. Ndani ya pistoni kuna parafujo inayoisogeza mbele kidogo kidogo kadiri pedi zinavyolika, ili breki ya mkono isilegee. Volkswagen Golf ya kizazi cha tano, iliyoanza kuuzwa mwaka 2003, ni ya aina hii. Ipo pia aina ya tatu katika magari mapya, ambamo breki ya mkono huendeshwa na mota ya umeme. Hiyo ni lazima irudishwe kwa utaratibu maalumu wa mtengenezaji kabla ya kalipa kuguswa, na kwa mtu asiye na chombo cha kuzungumza na kompyuta ya gari, ni afadhali ampelekee fundi.

Hapa ndipo kitenzi -rudisha kinapoonyesha udhaifu wake. "Rudisha pistoni" ni agizo linalotaja matokeo bila kutaja njia. Katika Forester, pistoni hurudi kwa kusukumwa. Katika Golf, hurudi kwa kuzungushwa huku ikisukumwa kidogo, kwa kawaida kuelekea kulia kama akrabu za saa zinavyokwenda, ingawa katika baadhi ya magari upande mmoja huzungushwa kinyume. Anayechukua jiliwa na kuisukuma kwa nguvu pistoni ya kuzungushwa huvunja parafujo ya ndani. Kalipa hiyo haitengenezeki kwa urahisi, na bei yake hupita ya pedi mara nyingi. Anayeagizwa "zungusha pistoni hadi izame" hawezi kukosea hivyo. Kiswahili hakijakosa neno. Kina -sukuma, -zungusha, -sokota na -songoa, na kila kimoja kina picha yake. Kinachokosekana ni mazoea ya kuchagua.

Kuinua gari

Kwa mkaaji wa Nyeri, ugumu wa kwanza ni ardhi. Ua wa nyumba nyingi za King'ong'o au Ruring'u umeinama, na gari lililo juu ya jeki katika mwinamo huteleza. Panahitajika mahali tambarare na pagumu. Udongo mwekundu wa eneo hili, hasa baada ya mvua za masika, hudidimia chini ya jeki, na ubao mpana na mnene chini yake husaidia.

Anayeshughulikia magurudumu ya mbele hufunga breki ya mkono na kuendelea na kazi. Anayeshughulikia ya nyuma hana bahati hiyo. Breki ya mkono hukamata magurudumu ya nyuma, yaani yale yale yanayoinuliwa, na katika aina ya pili pistoni haitarudi kamwe breki hiyo ikiwa imevutwa. Kwa hiyo ni lazima iachiliwe, na gari lizuiliwe kwa kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, huku gia ikiwa imeingizwa, au ikiwa katika nafasi ya kuegesha kwa gari la otomatiki. Kabari za mbao ni bora kuliko mawe ya mviringo ya mtoni.

Nati za gurudumu hulegezwa gari likiwa chini na hufunguliwa likiwa juu. Sentensi hii fupi inabeba tofauti ambayo gereji nyingi huimeza katika kitenzi kimoja, -fungua. Kulegeza kunahitaji nguvu nyingi, na nguvu hiyo ikitumiwa gari likiwa limeinuliwa, huweza kuliangusha. Kufungua kunahitaji vidole tu. Kiswahili kina muundo unaofaa kwa mpangilio wa namna hii: "kabla hujaliinua gari, legeza nati." Kiambishi -ja- baada ya kabla huonyesha kwamba tendo la pili halijatokea bado, na msomaji hawezi kuugeuza mpangilio. Agizo "legeza nati na uinue gari" halina ulinzi huo, kwa kuwa na haisemi lipi litangulie.

Jeki ni ya kuinulia. Kushikilia ni kazi ya stendi ya chuma inayowekwa chini ya sehemu ngumu ya bodi. Matofali ya kujengea na mawe ya kuchonga, ambayo huonekana chini ya magari katika viwanja vingi, hupasuka ghafla bila kutoa ishara. Hakuna anayepaswa kuingiza mkono, sembuse kichwa, chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee.

Kutoa za zamani, kutia mpya

Gurudumu likishatoka, kalipa huonekana ikiwa imeikumbatia diski. Vumbi jeusi lililoigandia halifai kupulizwa kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo, kwa sababu huingia mapafuni, na baadhi ya pedi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi hilo hufutwa kwa kitambaa kilicholoweshwa.

Kalipa hushikiliwa na bolti mbili zinazoingia kwenye vijiti ambavyo huiwezesha kuteleza. Mara nyingi hutosha kufungua bolti ya chini na kuiinua kalipa kama mfuniko. Ikibidi kuitoa yote, hufungwa kwa waya kwenye springi iliyo karibu. Haiachwi ining'inie kwa mpira wa breki, kwa maana mpira huo ukipasuka kwa ndani jeraha halionekani kwa nje. Ni busara pia kushughulikia upande mmoja kwanza na kuuacha wa pili kama ulivyo, ili pawepo na kielelezo cha kutazamwa pindi vibanio vidogo vya chuma vinapokataa kukaa. Hata hivyo pedi za pande zote mbili za ekseli hubadilishwa pamoja, ama sivyo gari litavutwa upande mmoja linapofungwa breki.

Pedi ya zamani ina mengi ya kusimulia. Sehemu yake inayolika ikikaribia unene wa milimita 3, wakati wake umefika. Nyingi zina kipande cha chuma kinachogusa diski na kupiga kelele kali pedi inapokaribia kwisha. Kelele hiyo isichanganywe na mkwaruzo wa asubuhi wa miji baridi kama Nanyuki, ambao hutokana na kutu nyepesi ya usiku na huisha baada ya kukanyaga breki mara chache. Ikiwa pedi moja imekwisha na mwenzake wa kalipa hiyo hiyo bado ni nene, kosa si la pedi. Vijiti vya kalipa vimekwama, jambo la kawaida katika barabara za udongo za Othaya na Mukurwe-ini, ambako tope hupenya mpira uliochanika. Vijiti hivyo huchomolewa, husafishwa na kupakwa grisi maalumu ya breki, na mpira hubadilishwa. Kutia pedi mpya bila kuvigusa ni kuzitupa. Diski nayo hukaguliwa. Unene wake wa chini unaoruhusiwa huwa umechapwa kwenye diski yenyewe, na iliyo chini ya kipimo hicho hubadilishwa.

Kabla ya kuirudisha pistoni, kifuniko cha chupa ya kiowevu hufunguliwa na kiasi chake kuangaliwa. Pistoni inapoingia, kiowevu hurudi nyuma na chupa huweza kufurika. Kikimwagika kwenye bodi, rangi hubabuka, na dawa ya haraka ni maji mengi. Kisha pistoni husukumwa au huzungushwa, kwa mujibu wa aina yake. Ile ya kuzungushwa ina mapengo usoni mwake, na katika magari mengi pengo mojawapo ni lazima lilingane na kidole kilicho mgongoni mwa pedi. Pedi mpya huingia, na uso wake unaolika haupaswi kuguswa na grisi wala vidole vyenye oili.

Kalipa hushushwa na bolti zake hukazwa. Kitenzi -kaza nacho hakina kipimo ndani yake. Fundi mzoefu hukaza kwa mkono unaokumbuka, lakini mtengenezaji wa gari ametaja kiasi kamili, na spana yenye kipimo ipo kwa ajili hiyo. Gurudumu hurudishwa, nati zikatiwa kwa vidole, gari likashushwa, ndipo zikakazwa kwa kuvuka kutoka moja hadi iliyo mkabala nayo.

Funga breki

Maneno funga breki yanastahili aya yake. Dereva wa Kiswahili popote pale, akisema alifunga breki, anamaanisha alizikanyaga ili gari lisimame. Fundi akisema amefunga breki, huenda anamaanisha ameziunganisha na kuzirudisha mahali pake. Kinyume cha -funga ni -fungua, na mteja anayeambiwa "breki nimezifunga, nenda" anaweza kuelewa kwamba gari liko tayari kuendeshwa. Haliko tayari, kwa kuwa pistoni imesukumwa nyuma kabisa na kuna pengo kati yake na pedi. Mguu wa kwanza juu ya kikanyagio hushuka hadi sakafuni bila gari kusimama. Gari lililotolewa uani hivyo, katika mtaa ulioinama kama ilivyo mingi ya Nyeri, husimamishwa na ukuta wa jirani.

Kwa hiyo, gari likiwa bado limetiwa kabari, kikanyagio hukanyagwa na kuachiwa mara kadhaa hadi kiwe kigumu. Baadhi ya watu wangependelea kusema "kukanyagakanyaga", lakini urudufishaji katika Kiswahili huleta pia maana ya kutenda bila makini, na kitendo hiki kinahitaji makini. Kukanyaga na kuachia ni bora zaidi. Kikanyagio kikibaki laini, huenda kuna hewa katika mabomba, na gari halitoki hadi iondolewe. Kiowevu huangaliwa tena na kuongezwa cha aina iliyoandikwa kwenye kifuniko.

Kiowevu chenyewe, kwa madereva wa milimani, kina umuhimu wa pekee. Hufyonza unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, na unyevu hupunguza kiwango chake cha kuchemka. Kile cha DOT 3 kinapaswa kustahimili angalau nyuzi 205 za Selsiasi kikiwa kipya, lakini kikishafyonza maji kiwango cha chini kinachokubaliwa ni nyuzi 140. Cha DOT 4 ni nyuzi 230 na 155. Katika mteremko mrefu breki huwa moto sana, kiowevu kizee huchemka, na mvuke huingia mahali pa kiowevu. Mvuke hubanika, kiowevu hakibaniki. Kikanyagio huzama. Pedi mpya zinazotiwa juu ya kiowevu cha miaka mingi hazimwokoi mtu yeyote kati ya Chuka na Meru. Gia ndogo inayoshikilia mwendo wa gari humwokoa zaidi.

Suala la lugha katika karatasi ya maagizo

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili katika kifungu cha 7 kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na katika kifungu cha 46 inampa mlaji haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Sanduku la pedi linalonunuliwa katika Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, mtaa wa vipuri ambao kwa sadfa umechukua jina la mlima wenyewe, mara nyingi huwa na maandishi ya Kiingereza au michoro mitupu. Mwanafunzi wa Kiswahili aliye Karatina au Chuka ana karakana hatua chache kutoka darasani, na kazi ya kuandika karatasi moja ya maagizo yenye vitenzi vilivyopimwa haihitaji kamati. Inahitaji aketi karibu na fundi, aandike anachosema, kisha amuulize katika kila kitenzi: kwa njia gani?

Swali hilo hufika hadi hatua ya mwisho ya kazi. Pedi mpya hazishiki vizuri siku ya kwanza. Gari hupelekwa mahali tulivu penye barabara iliyonyooka, kwa mfano kati ya Kiganjo na Naro Moru penye magari machache, likafikishwa kilomita 50 kwa saa na kupunguzwa mwendo polepole hadi karibu 10, bila kusimama kabisa, mara nane au kumi, huku likiachwa lipoe kati ya zamu moja na nyingine. Tabaka jembamba la pedi huhamia kwenye diski, na nyuso hizo mbili hulingana. Mafundi hawana neno moja la Kiswahili kwa kitendo hiki. "Kulainisha" hakufai, kwa sababu humfanya msikilizaji achukue grisi. "Kusugua" hutaja nusu ya jambo. Kitenzi -zoeza kinaelekea kufaa: pedi huzoezwa diski, kama ng'ombe anavyozoezwa jembe. Baada ya mwendo wa kilomita 50 hivi, nati za magurudumu hukaguliwa na kukazwa tena, gari likiwa chini.